Nani Ameshika Kamera? Filamu, Rangi ya Ngozi na Historia Yetu

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani)



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa halmashauri za walei, makatekista, viongozi wa WAWATA na VIWAWA, na ninyi nyote mliosafiri kutoka Mbeya na Iringa kuja kukaa pamoja. Wa Iringa nawaambia Kamwene, na wa upande wa Rungwe nawaambia Ugonile. Nimeombwa niseme juu ya filamu na video kama njia ya kujifunza habari za ubaguzi wa rangi na historia ya watu weusi. Mada hii yaweza kuonekana nyepesi, kwa kuwa wengi wetu huhesabu sinema kuwa ni burudani tu. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, nanyi mtaona kwamba si nyepesi.

Miaka michache iliyopita, nikiwa paroko katika parokia moja ya nyanda zetu hizi za juu, niliamua kuwaonyesha vijana filamu iitwayo 12 Years a Slave. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2013, na mwongozaji wake ni Steve McQueen, Mwingereza mweusi. Inasimulia habari za kweli za Solomon Northup, mtu mweusi huru wa jimbo la New York, ambaye mwaka 1841 alitekwa kwa hila, akauzwa utumwani Louisiana, akateseka huko kwa miaka 12. Niliwaza moyoni: vijana wetu wanajua majina ya wachezaji wote wa mpira wa Ulaya, lakini hawajui yaliyowapata Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Basi nikaazima projekta, nikatundika shuka jeupe ukumbini, nikawaita. Sikuwaandaa kwa neno lolote. Mimi mwenyewe niliketi nyuma, nikimalizia Masifu ya Jioni kwa mwanga wa simu.

Ilipofika mahali ambapo msichana mtumwa aitwaye Patsey anafungwa kwenye nguzo na kuchapwa mijeledi, nikasikia kicheko. Hawakucheka wote, lakini waliocheka walikuwa wa kutosha ukumbi mzima kusikia. Mama mmoja mzee aliyekuwa karibu na mlango alijifunga khanga yake, akatoka nje bila kuaga.

Jumapili iliyofuata msichana mmoja wa kwaya, mwenye ngozi nyeusi sana, hakuja kanisani. Jumapili ya pili hakuja. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba wavulana wamempa jina la yule mtumwa wa kwenye filamu, na wanamwita hivyo bombani, sokoni na njiani kwenda shule. Rafiki yake akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameanza kujipaka mkorogo.

Nilikwenda nyumbani kwao. Mama yake alinipa kigoda, akamwita binti. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: “Baba, ulijua kwamba watanicheka?” Nikamjibu kwamba sikujua. Akasema: “Ungeuliza.”

Ndugu zangu, nimesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi, lakini ni mara chache nimepewa fundisho fupi na zito namna hiyo. Nilionyesha filamu iliyotengenezwa kuushtaki ubaguzi, nami kwa uzembe wangu nikauzalisha ubaguzi uwanjani mwa kanisa. Neno hilo moja, “ungeuliza”, ndilo mada yangu yote ya leo.

1. MACHO YETU YALIFUNDISHWA NA NANI?

Nilimuuliza katekista mzee wa kigango kimoja kwa nini vijana walicheka. Alinijibu bila kusitasita: “Baba, katika sinema wanazoziona vibandani, mtu mweusi hupigwa ili watu wacheke. Watajuaje kwamba safari hii ni tofauti?” Katika vibanda vya video kuna pia yule mfasiri anayezungumza juu ya picha kwa Kiswahili, akiongeza utani wake, naye ndiye anayewaongoza watazamaji wapi wacheke na wapi wahuzunike. Ukumbini kwangu hapakuwa na mfasiri. Kila mmoja alijifasiria kwa mazoea aliyokuja nayo.

Wala tusiwahukumu vijana peke yao. Mimi nilikuwa seminarini katika miaka ya 1990, na siku za mapumziko tulionyeshwa kanda za video kwa deki moja na televisheni moja. Nakumbuka filamu za msituni ambamo mzungu mmoja mwenye bunduki huwashinda Waafrika mia. Sisi, chumba kizima cha vijana weusi, tulimshangilia yule mmoja. Wale mia walianguka kama majani na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza majina yao. Hakuna aliyetulazimisha kushangilia. Kamera ilikuwa imewekwa begani mwa yule mzungu, nasi tukaona kwa macho yake.

Mambo haya yana historia katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati. Ulianzishwa chini ya Baraza la Kimataifa la Kimisionari la Waprotestanti, kwa msaada wa fedha wa shirika la Carnegie la Marekani. Ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 juu ya kilimo, afya, kodi na kuweka akiba, na gari lililobeba mitambo likazunguka nchi kadhaa kuzionyesha. Walioigiza walikuwa Waafrika. Walioamua nini kisemwe na kwa nani walikuwa Wazungu. Sina shaka kwamba wengi wao walikuwa na nia njema. Hata hivyo, katika filamu za namna hiyo Mwafrika alikuwa mwanafunzi daima, na Mzungu alikuwa mwalimu daima. Wakati huohuo wakaguzi wa serikali za kikoloni walikata vipande vya filamu vilivyowaonyesha Wazungu wakiiba, wakilewa au wakiuana, wakiogopa kwamba watawaliwa wakiviona watapoteza heshima kwa watawala. Kwa hiyo kilichofichwa kilifundisha sawa na kilichoonyeshwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja yenye asili ya Afrika Kusini ilitengeneza huku filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu ya mwaka 1952. Mwigizaji mmoja katika filamu hiyo alikuwa kijana mtumishi wa ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hii. Kijana huyo aliigizwa kwa hadithi iliyotungwa na wengine, na miaka 10 baadaye alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiandika hadithi ya taifa. Tukumbuke jambo hili tunapowaona vijana wetu wakihangaika na kamera za simu. Hatujui Mungu anawaandalia nini.

2. MWANA WA DAR ES SALAAM KATIKA FILAMU ZA UJERUMANI

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini habari za mtu mmoja. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed, na baadaye alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa mtoto wa miaka 10, naye akaingizwa jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya kijeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakupewa. Akabaki huko, akafanya kazi ya utumishi hotelini, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaoa mke Mjerumani.

Tena akaigiza katika filamu, zaidi ya 20, nyingi zikiwa na nafasi ndogondogo: mbeba mizigo, mtumishi, askari asiye na jina. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1941 na iliitwa Carl Peters. Wazee wetu walimjua Peters kwa jina la Mkono wa Damu. Ni yule aliyekusanya mikataba ya hila mwaka 1884, na ambaye akiwa Kilimanjaro aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mwafrika na mwanamke Mwafrika aliyekuwa akiishi naye. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya mambo hayo. Lakini utawala wa Hitler ulimsafisha jina, kisha ukamtengenezea filamu ya kumtukuza kama shujaa. Ili kupata umati wa Waafrika, watengenezaji walitumia wafungwa wa kivita weusi waliotekwa kutoka jeshi la Ufaransa. Mwana wa Dar es Salaam alipewa nafasi ya mkalimani mwaminifu wa Peters.

Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila hukumu ya mahakama, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Hivyo Ujerumani ile ilimtaka mtu mweusi kwenye shuka la sinema, akimtumikia bwana wake; haikumtaka mtaani, akipenda na kulea watoto. Mwaka 2013 mwongozaji Mjerumani, Eva Knopf, alitengeneza filamu ya kumbukumbu iitwayo Majubs Reise, yaani Safari ya Majubu. Alizipitia zile filamu za zamani, akamtafuta mtu huyu pembeni mwa picha, nyuma ya migongo ya wakubwa, akamleta mbele. Leo mbele ya nyumba alimokuwa akiishi Berlin kuna jiwe dogo la ukumbusho lililopachikwa njiani, lenye jina lake.

Nawaeleza haya kwa sababu yanatufundisha namna ya kutazama. Tunapoangalia filamu yoyote, tumtafute aliye pembeni. Yule mbeba mizigo ni mtoto wa nani? Alilipwa? Jina lake liko katika orodha mwishoni? Bwana wetu ndivyo alivyotazama makundi ya watu: katika msongamano wa Yeriko alimwona Zakayo juu ya mti, akamwita kwa jina.

3. FUVU LA KALENGA NA KABURI TUPU

Tusiende mbali. Hapa Iringa, kilomita zipatazo 15 kutoka mjini, kuna jumba dogo la makumbusho la Kalenga. Humo limo fuvu la kichwa ambalo kila mwanafunzi amewahi kusikia habari zake. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashujaa wa Mtwa Mkwawa walikishambulia kikosi cha Wajerumani, wakamwua kamanda wake, Emil von Zelewski, na sehemu kubwa ya askari wake. Mwishoni mwa Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilivunjwa kwa mizinga. Mkwawa akapigana vita vya msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa bunduki yake huko Mlambalasi asikamatwe hai. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza vita kuu na kupanga mambo ya mataifa makubwa, una kifungu kinachoidai Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi 6. Halikurudi kwa miezi 6 wala kwa miaka 30. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuatilia katika jumba la makumbusho la Bremen, akalichagua miongoni mwa mafuvu mengi, na mwezi Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Tafakarini maneno hayo: alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi. Maana yake yalikuwepo mengine. Kila fuvu lilikuwa la mtu aliyezaliwa na mama. Wataalamu wa wakati ule waliyapima ili kuthibitisha kwamba mataifa ya wanadamu yamepangwa ngazi kwa ngazi, na kwamba sisi tuko ngazi ya chini. Elimu hiyo ilikuwa ya uongo, lakini ilivaa koti jeupe la sayansi, na watu wakaiamini.

Juu ya jambo hili ipo filamu ambayo ningependa kila dekania iione. Inaitwa The Empty Grave, yaani Kaburi Tupu, na ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2024. Imeongozwa na wanawake wawili, Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani. Inazifuata familia za Kitanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao, mojawapo ikiwa familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji. Ndani yake huoni Waafrika wa kuhurumiwa. Unaona watu wanaouliza maswali, wanaoandika barua, wanaosafiri, wanaobisha hodi katika ofisi za Ulaya, wanaolia na kuendelea. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu. Neno hilo lilichukua zaidi ya miaka 100. Lilitoka kwa sababu kulikuwa na wajukuu waliokataa kunyamaza.

Ninyi mnaotoka Mbeya na Iringa mnajua maana ya kaburi. Mnajua kwamba mtu asiyezikwa vema huwasumbua walio hai, na kwamba ukoo hauna amani mpaka mzee wao amerudishwa nyumbani. Imani yetu ya ufufuko wa wafu haipingi heshima hiyo, inaikamilisha. Basi filamu hii ituguse kama jambo la nyumbani.

4. FILAMU NYINGINE ZA KUTAFUTA

Sitawapa orodha ndefu, maana orodha ndefu haitazamwi. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni Maangamizi, ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Mtanzania Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke mweusi kutoka Marekani, anakuja kufanya kazi Tanzania na kumkuta mgonjwa aliyenyamaza kwa miaka mingi. Jina lake ni Samehe, na mwigizaji wake ni Amandina Lihamba. Polepole daktari anagundua kwamba jeraha la mgonjwa na jeraha lake mwenyewe yana mzizi mmoja. Filamu hii yafaa kuwafundisha watu wetu kwamba wajukuu wa waliovushwa bahari na wajukuu wa waliobaki bado wana mazungumzo ambayo hawajayamaliza.

Ya pili ni Vuta N'kuvute, ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Inatupeleka Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni, ambako Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeikimbia ndoa ya kulazimishwa, anakutana na Denge, kijana Mswahili anayepigania uhuru. Humo tunaona kwamba rangi ilitumiwa kuwagawa hata waliokaa mtaa mmoja na kusema lugha moja.

Ya tatu ni filamu ya televisheni ya Italia ya mwaka 2009 juu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur yapata mwaka 1869, akatekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, hatimaye akawa mtawa wa Wakanosa huko Italia. Alitangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Yeye alisahau jina alilopewa na wazazi wake, kwa sababu ya hofu aliyotiwa. Bakhita ni jina alilopewa na waliomteka. Msichana aliyepachikwa jina asilolitaka anaye mwombezi mbinguni.

5. BORITI KATIKA JICHO LETU

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukiwalaumu Wazungu na kurudi nyumbani tumeridhika. Haki haiko hivyo.

Katika nyanda hizi, vita vya karne ya 19 vilizaa mateka, na mateka wengine waliuzwa kwa misafara ya pwani. Waliouza walikuwa weusi kama walionunuliwa. Filamu inayoonyesha mfanyabiashara wa ng'ambo peke yake inasema nusu ya ukweli. Tuwe na ujasiri wa kusema nusu ya pili, pasipo kuitumia kumfutia mwingine dhambi yake.

Tena, ni nani anayeuza na kununua mkorogo katika masoko ya Mbeya na Iringa? Hakuna mkoloni anayetusimamia. Tunaposema katika posa kwamba binti “ni mzuri, mweupe”, tunamaanisha nini? Na wale ndugu zetu wenye ualbino, waliowindwa na kukatwa viungo katika nchi hii kwa imani za kishirikina, si waliteswa kwa sababu ya ngozi? Filamu ya kumbukumbu In the Shadow of the Sun, ya mwaka 2012, iliyopigwa hapahapa Tanzania, inatuonyesha jambo hilo kupitia maisha ya watu wawili wenye ualbino. Ni vigumu kuitazama na kubaki ukisema kwamba ubaguzi wa ngozi ni dhambi ya wengine.

Na Kanisa halijitoi. Mtakatifu Yohane Paulo II alipofika kisiwa cha Gorée, Senegali, mwezi Februari 1992, aliomba msamaha wa mbinguni kwa dhambi ya biashara ya watumwa, ambayo Wakristo waliobatizwa walishiriki. Mwaka 1988 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka mzima juu ya ubaguzi wa rangi, ikifundisha kwamba ubaguzi huo unapingana na imani yenyewe, maana wanadamu wote wana asili moja na wameumbwa kwa sura ya Mungu mmoja. Huwezi kumwabudu Mchoraji huku ukiitemea mate picha yake.

6. NAMNA YA KUONYESHA FILAMU

Baada ya siku ile nyumbani kwa binti, nilirudi kanisani, na Jumapili baada ya mahubiri niliomba radhi mbele ya waamini kwa kosa langu, bila kumtaja mtu. Kisha tukaanza upya. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, kiongozi aitazame filamu nzima peke yake kabla ya kuionyesha. Aangalie pia umri unaofaa. Ile niliyoionyesha mimi haiwafai watoto hata kidogo, na ukumbini walikuwemo. Filamu ipatikane kwa njia halali, maana hatuwezi kufundisha haki kwa jasho lililoibwa.

Pili, jioni ya kabla yake, wazee wakae na vijana, waulizane: tunajua nini juu ya habari hii? Nani amesikia kwa bibi yake? Mara nyingi elimu iko ukumbini tayari, ila haijapewa nafasi ya kusema.

Tatu, filamu isionyeshwe mfululizo. Isimamishwe kila baada ya nusu saa. Kama kibanda cha video kina mfasiri wake, nayo jumuiya iwe na wake. Naye asiwe wa kuchekesha, bali wa kuuliza. Maswali yake ni manne tu. Nani ameshika kamera? Nani ana jina na nani hana? Nani hasemi, na angesema angesema nini? Jambo hili linafanana na nini hapa kwetu?

Nne, filamu ikiisha watu wasitawanyike kama wametoka mpirani. Ukimya wa dakika chache, Neno la Mungu, sala, ndipo mazungumzo. Macho hayana pazia, lakini moyo unahitaji muda.

Tano, baada ya kutazama, twende. Kalenga ipo, Lugalo ipo, Mlambalasi ipo. Makaburi ya wazee yapo. Na vijana wenye simu wawarekodi bibi na babu zao kwa heshima na kwa ruhusa yao. Kila mwaka tunawazika watu waliobeba habari zisizoandikwa popote. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Nasi tusiwe watumwa wa kujitakia.

Mara ya pili tulichagua filamu ya Bakhita. Yule mama mzee aliyetoka nje safari ya kwanza nilimwomba aje azungumze kabla ya filamu kuanza. Alisimulia kwamba katika ukoo wao kuna nyanya mmoja aliyeletwa kama mateka akiwa mtoto, na kwamba nyumbani hawakuruhusiwa kumwita kwa jina la kabila alikotoka. “Ndiyo maana nilitoka nje,” akasema. “Mlikuwa mnamcheka nyanya yangu.” Ukumbi ulikuwa kimya. Filamu ilipoanza, hakuna aliyecheka.

Binti alikuwepo, ameketi karibu na mama yake. Hakurudi kwaya siku hiyo wala mwezi huo. Alirudi wakati wa Majilio. Mmoja wa wavulana wale alikwenda kwao kuomba msamaha, wawili hawakwenda. Siwezi kuwadanganya kwamba filamu moja huponya kijiji kizima. Lakini sasa katika parokia ile mtu akitaka kuonyesha jambo, anauliza kwanza.

Ndugu wapendwa, mkirudi vigangoni na jumuiyani, msiogope filamu wala msiiamini kupita kiasi. Ni shahidi kama mashahidi wengine: aitwe, ahojiwe, alinganishwe na wenzake. Mungu aliyemsikia Hajiri jangwani, mjakazi aliyefukuzwa, na kumwita kwa jina lake, atusaidie kuwaona wale tuliozoea kutowaona. Amina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Ni filamu gani ya kwanza uliyoiona maishani? Ndani yake mtu mweusi alikuwa nani, na alifanya nini?

2. Katika jumuiya yetu, ni maneno gani ya utani juu ya rangi ya ngozi, kabila au ualbino ambayo tumeyazoea? Nani anaumizwa nayo? Tumewahi kumwuliza?

3. Ni mzee gani katika kigango chetu anayejua habari za vita, mateka au misafara ya zamani? Nani atakwenda kumsikiliza, na lini?

4. Je, jumuiya yetu inaweza kuandaa onyesho moja la filamu kabla ya tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita? Nani atakuwa mwulizaji?